Mnara wa Ndoo za Rangi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefuta vumbi, nimefungua madirisha, nimewasha taa. Kama kawaida. Taa ikiwaka juu ya mnara, maktaba ya shule iko wazi; watoto wameshazoea, hawaulizi tena.

Bado najisifu kwa ule mnara. Ndoo tupu za rangi, nilizoomba kwa fundi rangi mmoja mjini Ruangwa na kuzileta hapa Nachingwea kwa bodaboda, watu wakinicheka njia nzima. Nimezipanga moja juu ya nyingine, nikapaka mistari myekundu na myeupe, juu kabisa taa ndogo ya sola. Mimi nimekulia Tanga, minara ya taa naijua. Hawa bahari hawajaiona. Wavulana wa darasa la sita wameniuliza meli itapita wapi, mto Mbwemkuru? Waulize tu, mradi wanaingia.

Somoe wa darasa la tano amekuja tena. Mwezi wa saba alikuwa hajui kuunganisha silabi. Leo kasoma ukurasa mzima peke yake, kidole chini ya kila neno. Kitabu cha mbuzi anayetaka kuvuka mto. Kengele imelia mbuzi akiwa juu ya gogo, katikati ya maji. Somoe kanuna. Nimefurahi kuona mtoto amenunia kengele.

Jumatano, 8 Oktoba

Wageni wanakuja kutoka wilayani, Ijumaa ya wiki ijayo. Wamesikia habari za mnara. Mwalimu Mkuu katangaza mstarini: kufyeka, kupaka chokaa mawe ya njia, nguo safi.

Kisha akaniita pembeni. Maktaba ifungwe mpaka wageni wapite, vitabu visichafuke. Nikadhani anatania. Hatanii.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nina hasira.

Nimerudi kutoka darasani nikakuta rafu tupu. Vitabu vyote viko kwenye magunia. Magunia ya korosho, mapya, yameshonwa midomo kwa sindano ndefu, mshono safi kabisa, yamepangwa ukutani kama ghalani. Kazi ya Mzee Mkwinda, mwenyekiti wa kamati ya shule. Kaleta magunia yake mwenyewe na kajitolea mchana kutwa. Mwalimu Mkuu kamshukuru mbele ya wazazi. Asubuhi ya ugeni yatafumuliwa, vitabu virudi kwenye rafu vikimeta.

Somoe alisimama mlangoni. Akaniuliza mbuzi wake yuko gunia gani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Mkwinda kugombana. Ni babu yake Somoe, ndiye anayemlea. Nilimkuta anageuza korosho juani. Nikaamkia, nikapewa kigoda, nikapewa uji. Ugomvi na bakuli la uji mkononi ni kazi ngumu.

Hana ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akasema, "Mwalimu, mali nzuri haiachwi wazi. Korosho ikinyonya unyevu, mnunuzi anaikataa. Unashona, unasubiri mnada."

Nikamwambia vitabu havina mnada. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua thamani ya vitu. Yeye mwenyewe hakusoma. Maisha yake yote kitu cha thamani kimekaa ndani ya gunia. Lakini Mwalimu Mkuu amesoma. Yeye namlaumu, na sitaacha kumlaumu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo mnara umezungushiwa kamba. Karatasi imebandikwa: USIGUSE. Darasa la pili walipita, wakauangalia kwa mbali, wakaenda zao.

Kwetu mnara wa taa humwambia nahodha kaa mbali, hapa pana mwamba. Niliwaficha watoto hilo. Niliwaambia taa inaita. Sasa Mwalimu Mkuu ameufanya mnara wa kweli.

Ijumaa, 17 Oktoba

Shule inang'aa. Rafu zimejaa. Watoto wamesimama juani tangu asubuhi, wamefundishwa wimbo. Kuku wawili wamechinjwa.

Wageni hawakuja. Simu imepigwa saa nane: wamepata dharura, watapanga siku nyingine.

Nikasema basi, tuwashe taa. Mwalimu Mkuu akasema hapana, siku nyingine yaweza kuwa kesho. Kabla jua halijazama vitabu vimerudi kwenye magunia. Vimeshonwa upya. Mimi nikitazama! Nilimwambia mbele ya walimu wote kuwa maktaba hii ni ya wageni wasiokuja. Kaniambia nichunge ulimi, nipo hapa kwa barua ya uhamisho na barua nyingine huandikwa. Aiandike. Sijalala vizuri wiki nzima kwa ajili ya mbuzi wa kwenye kitabu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Somoe hayupo. Wenzake wanasema yuko shambani, anaokota korosho. Msimu huu wakianza kuokota wengine hawarudi mpaka Januari, na hurudi wamesahau hata irabu. Miezi mitatu ya kazi, yangu na yake.

Nimekaa maktaba peke yangu na magunia. Nimechoka.

Jumanne, 21 Oktoba

Saa nne Mzee Mkwinda alitokea, Somoe nyuma yake amevaa sare. Nilijua kaja kukagua mshono. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Akaomba nimwonyeshe gunia la darasa la tano. Akasema, "Huyu amenichosha. Anaokota korosho, mbuzi. Anakula, mbuzi. Na mimi sasa nataka kujua. Alivuka au alizama?"

Hakukata uzi. Aliufumua taratibu, akiuzungusha kidoleni, maana uzi mzuri hautupwi. Mwalimu Mkuu alifika mlangoni, akamwona mwenyekiti wake amepiga magoti kwenye gunia, akarudi ofisini.

Mzee akakaa kizingitini. Somoe akasoma, kidole chini ya kila neno. Alikwama mara nyingi. Hakuna aliyemharakisha.

Mbuzi alivuka.

Mzee akauliza kama kipo kingine. Nikamwambia vipo, vimo humo kwenye magunia. Akavuta la pili na kutafuta ncha ya uzi.

Nimefungua kamba ya mnara. Nimewasha taa.