Aproni Niliyoirudisha Ras Kitau

Mjukuu wangu Swafiya,

Salamu zikufikie huko Kanada kwenye baridi. Sisi hapa Matondoni tu wazima, alhamdulillahi, na punda wetu amezaa.

Umeniambia bosi alipokwambia kazi imekwisha, ulimshukuru ukaaga. Sasa wamekunyima malipo ya wasio na kazi, wakidai uliacha kwa hiari. Unaniuliza kama kukata rufaa ni utovu wa adabu.

Ujanani nilikuwa nikifua mashuka katika hoteli moja Ras Kitau. Mume wangu wa kwanza alipofariki, nikakaa eda. Jirani alikwenda kumwambia meneja kwamba nitarudi eda ikiisha. Nikampa jirani huyo na aproni ya hoteli airudishe, nimeifua na kuipiga pasi, maana kitu cha watu ni amana.

Kabla sijatoka edani, hoteli ikafungwa. Wenzangu wakalipwa fidia. Mimi nikaambiwa sistahili, kwa kuwa aliyerudisha aproni ameacha kazi.

Mama alinisihi nimwachie Mungu. Nilikuwa na hasira mno. Eda ilipoisha, nikaenda ofisi ya kazi mjini Amu.

Afisa akaniuliza, "Bi, kama hukuacha kazi, mbona ulirudisha aproni?"

"Kwa sababu si yangu," nikamjibu. "Kazi ndiyo ilikuwa yangu, na hiyo sikumpa mtu."

Akamwita meneja. Nikalipwa.

Wewe ulishukuru kwa sababu umelelewa. Waandikie hivyo hivyo. Wameisoma vibaya adabu yako, usiwasaidie kwa kunyamaza.

Bibi yako,
Mwanaesha