Kilomita Zisizo Zangu

Jumanne, 8 Julai

Leo tena nimezunguka uwanja wa shule mara kumi na mbili. Gia ya kwanza, ya pili, breki. Ya kwanza, ya pili, breki. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Injini imezimika mara tatu tu, jana ilizimika saba.

Kila nikimaliza naandika namba za kilomita kwenye kitabu. Pikipiki ni ya zahanati, nimeruhusiwa kukaa nayo nyumbani nijifunze, na Mganga wetu anakisoma kitabu hicho kuliko anavyosoma Biblia. Ameshatamka: Alhamisi ya tarehe 24 niende Mbinga mjini peke yangu nikalete chanjo. Nikishindwa, pikipiki anapewa Joakimu. Joakimu aliajiriwa mwaka jana! Mimi nimetembea milima ya Mkumbi kwa miguu miaka kumi na tisa, mizani ya watoto begani. Simwachii.

Jioni nimemwambia mume wangu ukweli. Uwanjani siogopi. Naogopa lami, malori na ile fujo ya stendi. Otmari aliendelea kuchambua kahawa.

Alhamisi, 10 Julai

Namba haziendani. Jana niliandika 4316. Leo nimetoka kazini nakuta 4318. Nimevaa miwani nikaangalia upya. 4318.

Na kioo cha kulia kimeinamishwa. Nikikaa naona goti langu badala ya barabara.

Otmari amesema labda kuku walirukia. Kuku wanaokwenda kilomita mbili.

Jumapili, 13 Julai

Leo tatu. Nimerudi kutoka misa ya pili, nimegusa injini, bado ya moto. Kioo kimeinama vilevile. Otmari siku hizi anasali misa ya kwanza, eti nyumba isibaki peke yake. Kwa hiyo alikuwepo. Anasema hakusikia kitu.

Namshuku Gaudensi, mdogo wake. Anaendesha bodaboda pale njia panda, tunapoingilia lami. Aliazima jembe letu kabla ya Pasaka na mpaka leo hatujaliona. Wa jembe ndiye wa pikipiki.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemfuata Gaudensi kijiweni, nikamsema mbele ya wenzake wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo kwanza, shemeji," akasema. "Sasa mimi na urefu huu, kioo kimeinama hivyo, nitaona nini? Vifungo vya shati?"

Kijiwe kizima kikacheka. Nimeona aibu, kwa sababu anasema kweli. Aliyekiinamisha ni mfupi.

Nikiwa pale yakapita malori ya makaa ya mawe yanayoteremka Mbamba Bay. Matano mfululizo. Upepo wake ulikaribia kunivua kitenge. Hapo hapo ndipo nitakapoingia tarehe 24.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya. Mganga amefungua kitabu, akalinganisha na pikipiki. Tangu wiki jana kilomita tisa hazina maelezo: mbili, tatu, na nne za jana. Ameniuliza zimekwenda wapi. Nimesema nachunguza. Amesema niwe nimemaliza kuchunguza kabla ya tarehe 24, la sivyo nisijisumbue kwenda mjini.

Jioni Otmari anachechemea. Nimempandisha suruali kwa nguvu. Ameungua, shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani, ukubwa wa yai. Anasema ni mafuta ya kupikia. Tangu lini Otmari akapika? Mimi ni nesi. Nimeshafunga vidonda vya ekzosi ya pikipiki vya kutosha, navijua hata gizani. Nimekisafisha kidonda, nikakifunga.

Huyu hajui kuendesha hata baiskeli. Basi yupo anayeendesha, na mume wangu anapanda nyuma. Mtu mfupi. Kwenye kwaya yetu yuko mwanamke mmoja mfupi aliyenunua pikipiki mwaka huu. Jina lake siliandiki humu.

Ufunguo nilikuwa nimeuficha jana usiku kwenye debe la unga. Nimeurudisha msumarini. Makusudi.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka misani baada ya Injili. Wanakwaya wakanigeukia, na yule mfupi alikuwa kati yao. Hapo ningepaswa kuelewa kwamba si yeye, lakini hasira haina akili. Nimepita shambani, nikachutama kati ya mibuni kama mwizi wa kahawa. Uwanja wa shule uko chini yake tu.

Otmari. Peke yake.

Kavaa helmeti yangu. Gia ya kwanza, miguu yote miwili inaburuta chini, ulimi nje. Alifika kwenye goli akashindwa kukata kona, akaanguka. Akainyanyua, akaifuta tope kwa shati lake la kanisani. Akapanda tena.

Kichwa chake kinaishia sikioni kwangu. Miaka ishirini na miwili nalala na huyu mtu, nikatafuta mfupi kijiji kizima.

Nilifurahi kwa dakika moja. Halafu nikakasirika upya. Anataka kunipeleka mjini yeye, ili watu wasiseme mke kaenda na mume kabaki na kahawa. Mchana, ugali na dagaa wa usipa mezani, nimemwambia: "Baba Ana, pale kwenye goli punguza mwendo."

Aliweka tonge chini. Halafu: "Ulisema unaogopa. Nikataka kujua hicho unachokiogopa kikoje." Akala kidogo. "Kinatisha kweli."

Nusu yangu inaamini. Nusu nyingine bado inachungulia.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeamka Otmari hayupo. Hakuaga. Nikajua amekwenda kwa Mganga kunizuia. Nimefunga boksi la chanjo nyuma nikaondoka na hasira zangu, na mteremko wote ule sikuuona.

Njia panda nimemkuta amesimama, koti la kanisani, mguu umefungwa bandeji. Alikuja kwa miguu kabla hakujakucha. Malori yalikuwa yanapanda na kushuka, na injini ikanizimikia hapo hapo. Nikapiga kiki. Ikagoma. Gaudensi na wenzake wakawa wanatazama. Nilitaka kulia.

Otmari akaingia katikati ya lami, akainua mkono mbele ya lori la makaa. Likasimama likitetemeka. Dereva akatukana mama zetu wote wawili. Kiki ya tatu ikawaka. Nikaingia.

Kwenye kioo nimemwona amebaki pembeni ya lami, anapungua, mkono bado uko juu.

Stendi ilikuwa vilevile nilivyoiogopa. Bodaboda wanakukata kulia na kushoto, basi linakupigia honi mgongoni. Sikufanya ushujaa wowote. Gia ya kwanza, ya pili, breki, mpaka nikatokea upande wa pili. Nimelowa jasho na baridi yote ile.

Saa saba nimerudi njia panda. Yupo palepale. Boksi limejaa, nyuma hakuna nafasi. Sikumngoja, chanjo hazingoji. Amepanda mlima kwa miguu.

Mganga amehesabu chupa zote, ametia sahihi. Pikipiki inabaki kwangu. Zile kilomita tisa nimemwambia ni mazoezi. Hakuna uongo hapo.

Jumapili, 27 Julai

Otmari kasali misa ya kwanza, mimi ya pili. Nimerudi, nimegusa injini. Baridi. Namba ni zile zile. Kioo kiko nilivyokiacha.

Nilitakiwa kufurahi. Nimehuzunika.

Baada ya kula nimekibadilisha kidonda bandeji, kinakauka vizuri. Halafu nimeweka ufunguo mezani, karibu na sahani yake, nikamwambia avae gamboti. Nimesimama dirishani. Kuangalia tu. Imemzimikia mara nne.

Kitabuni nimeandika: mazoezi, kilomita mbili. Sikuandika ya nani.