Miaka Kumi na Miwili Uliyojipunguzia

Mama,

Nakuandikia nikiwa maabara hapa Mbarara, nasubiri mashine imalize kuzungusha damu. Maharage yako kule kambini Nakivale tumeyavuna. Mbuzi nimewapa watu wa kwaya, maana hapakuwa na wa kuwafunga.

Kwanza kazi yangu, kwa sababu ulizoea kuwaambia watu kanisani kwamba natazama mifupa ya wafu. Natazama ya walio hai, Mama. Mwanamke akishaacha kuona siku zake, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yake hupungua, na mifupa huanza kuwa dhaifu bila kuuma. Tunatoa damu, tunapima kisigino kwa mashine ndogo, na mwenye mifupa dhaifu anapewa dawa kabla hajaanguka. Katika utafiti huu tuliwataka wenye miaka hamsini na kuendelea. Kanuni ya umri niliiandika mimi mwenyewe: umri ni ule ulio kwenye kadi ya mkimbizi.

Mimi, mtu wa Nakivale, niliandika hivyo.

Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya kuandikishwa, mwaka ule wa 1996 tulipofika kutoka Kivu, ikasemekana kwamba aliyepita miaka arobaini hatapewa shamba. Ulimtazama karani usoni ukajikata miaka kumi na miwili. Mimi nilitaja umri wangu wa kweli, kwa hiyo kwa kadi zile ulinizaa ukiwa na miaka saba. Karani hakupiga hesabu. Tulicheka njia nzima mpaka kwenye hema. Shamba ulipewa, na ukalilima kama mtu mwenye miaka ile uliyoitaja.

Siku ya kupima ulikuja wa kwanza, umevaa kitenge cha Pasaka. Muuguzi wetu, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, aliitazama mikono yako akaniambia, "Daktari, hii mama iko mukubwa. Kadi inadanganya." Kadi ilisema arobaini na sita. Mimi nilijua hamsini na nane. Ukaniinamia sikioni: "Andika ile iko mu karte, mutoto wangu. Ni kwa ile miaka njo nilipata shamba." Nikaandika. Nikakuambia huingii. Ukasema sawa, ukakaa kuwashikia wenzako mikoba.

Miezi minane baadaye uliteleza kwenye njia ya bomba. Waliokuwepo wanasema hukuanguka kwa kishindo, ila nyonga ilivunjika. Picha yake nimeitazama mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mfupa ulikuwa umeisha zamani, na kisigino kingeniambia. Ulilala wiki sita, kisha mapafu yakakataa.

Nimekukasirikia kidogo. Mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi, na hilo halipungui.

Nimewaeleza wakubwa wa utafiti kwamba umri wa kadi hauaminiki. Hawakufurahi, kazi imerudi nyuma. Sasa siulizi kadi. Nauliza: ziwa lilipopanda, miaka ile ya sitini mwanzoni, likaingia nyumba za Uvira, ulikuwa unabebwa mgongoni, au ulikuwa unateka maji mwenyewe? Wanautazama mlango kwanza, kisha wanajibu. Nimewaapia kwamba jibu halitoki chumbani na kadi haiguswi. Katika wale niliowarudisha nyumbani pamoja nawe yuko jirani yako wa kwaya, yule wa sauti nene. Kisigino chake hakikunipendeza hata kidogo. Ameanza dawa. Analalamika kwamba inamchoma tumbo, analalamika kila wiki, nami namsikiliza mpaka amalize.

Limebaki jambo moja. Kwenye msalaba wako wameandika umri wa kwenye kadi, maana ndio waliokuwa nao, na siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana. Hata pale umelala na miaka ya karani.

Mashine imesimama, lazima niende. Lala, Mama. Jumamosi nitakuja na rangi nyeusi na brashi, nikurudishie miaka yako kumi na miwili, yote. Usiniinamie sikioni safari hii. Hakuna tena wa kukunyang'anya shamba.

Mwanao uliyemzaa ukiwa na miaka saba