Wembe Haukumfunga Neema Ulimi

Mdogo wangu Rehema,

Anayekuandikia ni mtu ambaye akishikwa na mafua tu, foleni ya malori ya Tunduma inafika Mlowo. Waulize madereva. Wazambia wenyewe wananiita bwana mkubwa wa mpaka.

Tangu tukuzike sijalia. Watu wananitazama usoni, wanangoja. Nakula, naenda mpakani, narudi, nalala. Basi.

Neema wako niko naye. Kigugumizi kilizidi baada ya msiba, na wifi yako, dada wa mumeo, hakuona aibu, akasema mbele ya waombolezaji: "Si mama yake? Alimnyoa mtoto hajajua kuongea, ulimi ukafungwa!" Maneno yaleyale uliyoyabeba miaka yote. Ulikuwa unaniuliza, "Ni mimi, kaka? Ni ule wembe?" Nami nilikuwa nageuza mazungumzo, maana sikujua.

Nikampeleka Mbeya kwa mtaalamu wa mambo ya kuongea. Kabinti tu, lakini kamesoma. Akasema wembe haufungi ulimi, wala si malezi yako. Mtoto akianza kuunga maneno, kichwani yanakuja mengi na mdomo bado unajifunza. Wengi wanakwama, kisha inapita. Wengine inabaki, na mara nyingi inatembea kwenye damu ya ukoo. Akatukataza kummalizia maneno: "Msubirini. Na nyie ongeeni taratibu." Mimi huyu, ninayemmalizia hata mchungaji sala yake!

Jana Neema aliniambia, "M-m-mjomba, ch-ch-chai tayari." Nikatulia mpaka neno la mwisho. Akanishangaa: "L-leo unaumwa?" Akacheka. Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilikunywa chai.

Yule binti aliuliza kama kwetu kuna mwingine mwenye kigugumizi. Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba ukoo wetu ni wasemaji watupu. Kwa hiyo lawama bado iko juu yako, Rehema, nawe huna mdomo wa kujitetea.

Jumamosi tunaondoa tanga. Nitasimama mbele ya wifi yako na ukoo mzima niseme kimetoka kwetu, kimetoka kwangu. Nikikwama, watasubiri. Nakuahidi. Pumzika sasa, mdogo wangu, wembe ule uutue.

Kilinianza wewe hujazaliwa, nikajifunza kuyakwepa maneno magumu kwa hadithi ndefu. Lakini jina langu halikwepeki. Hata leo afisa pale mpakani akiniuliza naitwa nani, najifanya nakohoa, namkabidhi kitambulisho asome mwenyewe.