Dawa ya Visigino Vyangu Usoni kwa Atupele

Uyole, Jumamosi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, baridi imekaza, na mimi nimekasirika.

Anayeandika ni mjukuu wangu Atupele. Shule mimi sikusoma. Nasema, yeye anaandika. Andika yote, mwanangu, hata panapokuuma.

Huyu mtoto amejichubua uso.

Visigino vyangu vilikuwa vigumu kwa kulima peku, dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, akanipa dawa ya sugu kwenye kikopo: unga wa asidi uliokorogwa na mafuta mazito. Ngozi ngumu ikabanduka, chini ikatoka laini, nyeupe-nyeupe. Atupele akaona. Akanawa uso kwa ile sabuni nyekundu ya kuoshea vidonda, akachota dawa yangu, akaikamulia limau, akapaka, akalala nayo. Ukali juu ya ukali! Uso wa mtu umekuwa kisigino?

Sasa mashavu yamevimba, yanatoa maji, na mchumba wake anakuja kesho.

Huyo mchumba ndiye chanzo. Karani wa Iringa, viatu vinang'aa, kichwa kitupu. Alimwambia, "Ukitakata kidogo, picha yetu ya harusi itapendeza." Picha! Kwa ajili ya karatasi ya kutundika ukutani, mtoto anajimenya kama kiazi cha kuchemsha.

Tena anaolewa kwa Wanyakyusa wenzetu. Kwa mila yetu, atamkwepa baba mkwe maisha yake yote. Akimwona njiani, ajifunike kanga aingie porini. Nimemwuliza, "Huo weupe ulikuwa wa kumwonyesha nani?"

"Bibi, nilitaka anipende zaidi."

Nikainuka kuchota maji.

Nimemwosha kwa maji ya baridi, tena na tena, nikampakata, jitu zima lile. Uso huo ni wa mama yake, binti yangu niliyemzika. Siuombei radhi kwa karani yeyote.

Ananisihi nimwambie mgeni kwamba ana homa. Sisemi. Kesho nitamkalisha yule bwana mlangoni penye mwanga, Atupele mbele yake bila kanga kichwani, amtazame mpaka chai iishe. Akigeuza macho, ng'ombe wake wa mahari wapo zizini, wamenenepa. Awaswage mwenyewe mpaka Iringa, na viatu vyake hivyo.

Atupele ameacha kuandika. Anacheka, huku analalamika kwamba mashavu yanamwuma.

Andika, wewe. Na hilo nalo andika.