Televisheni ya Mshika Kibendera

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na hiyo miguu yako inayovimba kwa kusimama kutwa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya watu. Sisi huku wazima. Wifi yako mzima, watoto wazima, na mimi mzima kupita kiasi: siku hizi tumbo linaingia ndani ya nyumba kwanza, mimi nafuata. Bado narudi kutoka kwenye mashine ya kusaga nikiwa mweupe kwa unga hadi kope, na mwanangu wa mwisho bado anapiga kelele akiniona.

Usishangae kuletewa barua. Ukipiga simu lazima niweke sauti ya juu ili Baba naye asikie, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Televisheni yake inakufa. Ni ile ile yenye mgongo mkubwa. Ule mstari wa kijani upande wa kulia tulishauzoea, lakini sasa anasema picha inaliwa pembeni. "Winga anakimbia na mpira," anasema, "akifika pembeni hayupo. Anakwenda wapi?" Mimi nikitazama namwona winga. Amekuwa kijani kidogo, lakini namwona.

Sasa mimi ni nani wa kumbishia Baba? Mtu aliyeshika kibendera uwanjani miaka yote ile, hajawahi kuhongwa, hajawahi kukubali kwamba alikosea hata mara moja. Unaijua nyumba yetu. Unaweza kubishana na Baba kuhusu siasa, kuhusu chumvi kwenye mboga, hata kuhusu siku uliyozaliwa. Kuhusu alichokiona, hapana. Hata marehemu Mama hakuthubutu.

"Hamuoni kwamba imekatwa?" anatuuliza.

"Tunaona, Baba. Imekatwa kweli."

Wifi yako naye akaitikia. Watoto nao wakaitikia, wanafiki wadogo.

Kwa hiyo nakuuliza, wewe unayejua mambo ya kisasa: tuitengeneze au tununue nyingine?

Ni mimi kaka yako.

*

11 Machi

Kaka yangu na tumbo lako,

Shikamoo. Nimepata barua na nimecheka peke yangu chumbani hadi jirani akagonga ukuta. Miguu inaendelea, baridi pia inaendelea. Msalimie wifi na wanangu wote.

Kaka, itupeni. Huku ughaibuni watu wanaweka televisheni nzima barabarani, mvua inainyeshea, na hakuna anayegeuza shingo. Huo mzigo una umri wa kuoa. Nitanunua mpya, pana, Baba awaone wachezaji mpaka kucha. Mwambie binti yake kasema.

Na wewe uache kumuitikia kila kitu. Nakujua. Tangu utotoni ukiulizwa jambo gumu unatazama mdomo wa anayeuliza ili ujue jibu analolitaka.

Dada yako.

*

29 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pole na baridi. Huku afya si mbaya. Amani ndiyo inaumwa.

Nilimweleza Baba habari ya televisheni mpya. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo kitu kikizeeka mnakitupa? Basi na mimi nikae karibu na mlango, nisiwasumbue kunibeba?" Ndipo tukampelekea yule fundi wa kona, mwenye kibanda cha bati kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Jamaa alifanya kazi. Mstari wa kijani ulitoka kabisa. Mdogo wangu, nilikuwa naona jasho la golikipa!

Baba akakaa kwenye kiti chake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema neno moja: "Mwizi."

Anasema fundi amenyofoa vifaa vizima, akaweka vibovu. Picha imezidi kubanwa. Akachukua kofia na kwenda mwenyewe kibandani, mimi nyuma nikimkimbilia. Njiani akaivaa meza ya muuza nyanya na kumgombeza kwa kuihamisha. Haikuwa imehamishwa.

Kibandani kulikuwa na wateja. Baba akamtangaza fundi mbele yao kuwa ni mwizi. Fundi naye si wa kunyamaza, unamkumbuka mdomo wake. "Mzee, televisheni nzima! Kichwa chako ndicho kimeungua waya! Toka kwenye mwanga wangu!"

Watu wakanigeukia. Baba akasema, "Mwanangu yupo hapa. Waambie. Picha ni nzima au si nzima?"

Nilimtazama mdomo, kama ulivyosema.

"Si nzima, Baba," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Neno la Baba mtaani unalijua. Mama mmoja alichukua pasi yake mezani, ikiwa bado imefunguliwa, akaondoka nayo. Mwingine akachukua redio. Fundi alibaki ananitazama mimi, si Baba.

Nunua hiyo mpya. Labda itatupa usingizi.

Kaka yako.

*

16 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi imeongezeka, mwenzetu mmoja ameungua mkono na zamu zake tumegawana.

Nilipofika pale uliposema "si nzima" niliikunja barua. Nikakukasirikia siku mbili. Halafu nikajiuliza kama ningekuwa mimi nimesimama pale, Baba ameninyooshea kidole mbele za watu. Ningesema hivyo hivyo. Tumelelewa pamoja.

Nenda kwa fundi, hata kwa kujificha, umwombe radhi.

Televisheni nimeshailipia kwenye duka kubwa la huku lenye tawi hapo kwenu, wataileta hadi mlangoni. Nimechukua ile pana kuliko zote. Suala hili liishe sasa, tuongee mengine.

Dada yako.

*

23 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Watoto wazima. Wifi yako anakusalimu.

Televisheni ilikuja, wanaume wawili wameibeba kama mlango. Nikaifungua kwa mbwembwe nyingi, hata nikapiga hotuba. Baba akakaa. Mchezo ukaanza. Mara akanyoosha mkono kama anavyofanya, kuonyesha mtu ameotea, na hakuna aliyeotea: beki alikuwa amesimama wazi kabisa pembeni.

"Nayo imekatwa," akasema taratibu. "Hii mbaya kuliko ile."

Nikafungua mdomo niitikie. Wakati huo wifi yako alikuwa ameweka kikombe cha chai kushoto kwake, kwenye kile kistuli, pale pale siku zote. Baba akakitafuta kwa kupapasa, akakigonga, chai yote ikammwagikia mkononi. Akamuuliza wifi yako kwa nini hakumwambia kwamba ameleta chai. Alikuwa amemwambia.

Nikapeleka mkono wangu karibu na sikio lake, nikapunga. Hakugeuka. Nikausogeza mbele, nikausogeza, nikausogeza. Ulipofika karibu na pua akashtuka: "Umetoka wapi wewe?"

Daktari anasema ni presha ya macho. Haiumi, haitoi machozi. Inaanza pembeni na kuja katikati, kama mtu anayefunga pazia pande zote mbili bila haraka. Akaniuliza ilianza lini. Nikamjibu, "Televisheni ilipoanza kuharibika." Alidhani ninafanya mzaha, akaniangalia vibaya.

"Mngemleta wakati huo," alisema, "tungeizuia pale pale. Kilichokwenda hakirudi."

Amempa dawa ya matone kwa ajili ya kile kidogo kilichobaki. Baba aliyasikia yote. Tulipofika nyumbani akauliza tu, "Nyinyi mlikuwa mnaona picha nzima?"

Nikamwambia ndiyo.

"Tangu ile ya kwanza?"

Ndiyo, Baba.

Kaka yako.

*

20 Septemba

Kaka,

Leo siulizi hali.

Wakati pazia linafungwa, mimi nilikuwa dukani napanua mikono yangu hewani, nikipima kioo gani kitatosha sebuleni. Muuzaji alinisaidia kushika upande mmoja wa futi.

Nimeomba likizo. Hawajajibu. Mwambie natafuta njia ya kuja, na kama hataki kusikia, mwambie hivyo hivyo.

Dada yako.

*

8 Novemba

Mdogo wangu mpenzi,

Nafurahi likizo imekubaliwa. Huku tupo. Nimepungua tumbo, wifi yako anasema nafanana na watu sasa, sikujua nilikuwa nafanana na nini.

Baba haoni tena. Matone hayakufua dafu, au tulichelewa nayo pia. Anajua mchana kwa joto la dirisha.

Jumapili iliyopita aliamka, akataka shati lililopigwa pasi. Akasema, "Nipeleke kwa fundi. Nimemkosea." Mdogo wangu, umewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake? Nami nilikuwa sijaenda kama ulivyoniagiza. Nilikuwa ninapita njia ya nyuma.

Akaniwekea mkono begani, tukatembea. Watu wakawa wanatupisha na kunyamaza, jambo ambalo yeye alilisikia vizuri kuliko kelele. Tulipofika, kibanda kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Ndani kuna kiti, kioo na kijana kinyozi, mkononi mashine. Kabla sijapata neno, Baba alikuwa ameshavua kofia.

"Fundi," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa mbovu, si kazi yako. Nilikusema mbele za watu, na leo nasema mbele za watu. Nisamehe."

Kinyozi akanitazama. Nami nikamtazama yeye. Sikusema kitu, naapa, ila sijui uso wangu ulimwambia nini. Kijana wa watu akasema kwa upole, "Yameisha, Mzee. Nimekusamehe."

Baba akashukuru, akavaa kofia, tukaondoka. Tulifika kwa muuza nyanya, akasimama.

"Yule si fundi."

Nikajifanya nachagua nyanya.

"Fundi angenitukana kwanza. Yuko wapi?"

Nikamwambia nilichoambiwa pale kibandani Baba akiwa ameshageuka: wateja walikwisha, akafunga, akahama na familia yake, hakuna anayejua alikokwenda.

"Na wewe ukaniacha nimwombe radhi kinyozi."

"Ndiyo, Baba."

Akautoa mkono wake begani mwangu. Akaanza kutembea peke yake, mikono mbele, akigonga meza za watu, akiomba radhi kwa kila meza. Nami nyuma yake kama mtu anayefukuza kuku, nikitaka kumshika na yeye akiniambia nisimguse. Ilituchukua asubuhi nzima kufika nyumbani. Ana mchubuko kwenye paji la uso na goti limevimba.

Tangu siku hiyo akiniuliza kitu, hata iwe tu kama mvua inanyesha, anasikiliza jibu langu, kisha anamwita mtoto na kumuuliza tena.

Ukija utamkuta amekonda na shati limemzidi. Usije ukamwambia amependeza. Mwambie unachokiona.

Kaka yako.