Zeze la Baba na Mkono Niliopima

Nyumbani,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Marahaba, hata kama shikamoo yenyewe hujaitoa. Hamjambo huko? Wifi yangu kifua kimepona? Na mapacha wameanza kulala, au bado wanawakesheza? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani, na hasira zangu ni zilezile ulizoziacha.

Nimesoma ujumbe wako wa juzi: "Dada, hela ya zeze nilishatuma, mbona kimya? Na mtandaoni yapo ya nusu bei." Nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nikakata uzi kwa meno mkasi ukiwa mkononi. Sasa kaa chini. Leo nakuambia yote, na Baba akinifukuza nitakuja kulala sebuleni kwako.

Baba alipata kiharusi mwezi wa pili. Daktari alisema ni kidogo, maana mdomo ulirudi na mguu ukarudi. Mkono wa kushoto haukurudi. Vidole vimejikunja, havifunguki. Aliniapisha nisikuambie: "Ataacha kazi aje kunikodolea macho." Ndiyo maana kwenye simu unamsikia mzima. Nisamehe, mdogo wangu. Miezi minne siri hii imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Yule mama wa mazoezi pale zahanati alisema vidole visipotumikishwa kila siku mwaka huu, vitakauka hivyohivyo. Akampa mpira wa sponji awe anauminya. Baba akautupa dirishani. "Mimi si mtoto mchanga!" Nikauokota, akautupa tena. Kitu pekee ambacho mkono ule umewahi kukifanyia kazi kwa hiari yake ni zeze, na lile lake la zamani unajua liliishia tumboni mwa mchwa. Kwa hiyo nilipokuomba fedha, wewe ukadhani Mzee kashikwa na tamaa za uzeeni. Nilikuwa naomba dawa, na wewe unanipigia hesabu!

Kwa ajili ya ubahili wako nilianzia duka la mapambo. Zeze linang'aa hadi unajiona uso. Nikakaza kigingi cha uzi mmoja, kikazunguka bure kama kizibo cha chupa. Ngozi imebandikwa kwa gundi, shingo imepinda. Nikamuuliza muuzaji, "Hili linapigwa kweli?" Akanijibu bila haya, "Mama, hili linatundikwa." Nikatoka bila kuaga. Rahisi ghali, na hilo ungejifunza mwenyewe kama ungekuwa unavaa viatu vyangu wiki ile.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa mazeze mwenyewe, yule wa karibu na stoo ya mbao, tunayemwita Kimya. Mbao zake anazilaza miaka mitatu ndipo azikate. Anaigonga moja kwa ukucha, anasikiliza, hairidhii, anairudisha rafu. Bei yake ilinitoa jasho. Nikamlilia shida, akakubali kupunguza: hatatia nakshi wala rangi, na mimi nimshonee mifuko sita ya kubebea mazeze yake. Nimeishona yote, turubai ile nzito, mpaka sindano tatu zikakatika. Lakini akaweka sharti moja: "Niletee mkono wa mpigaji." Hachongi shingo ya zeze kabla hajauona mkono utakaoishika.

Baba akagoma katakata. Enzi zake alikuwa akimsema Kimya mbele za watu kwamba mazeze yake yanalia kama mbu. Leo akamwonyeshe mkono uliokunjika? Thubutu! "Uchore hapahapa umpelekee," akaniambia, na akaweka mkono wa kulia juu ya meza.

Na mimi, fundi cherehani wa miaka ishirini, nikachukua karatasi ya kukatia suti, nikauchora. Kwetu unapima upande mmoja, unakunja kitambaa, unakata mara moja, mikono ya shati inatoka miwili. Nani anapima mikono yote? Na ule wa kushoto, unaoishika shingo, nauosha na kuukausha mimi mwenyewe kila asubuhi! Lo, nimejitukana matusi yote ninayoyajua.

Baada ya wiki saba zeze likaja. Jepesi, limenyooka, ukiligusa tu linaitika. Baba akalipakata, akapeleka mkono shingoni. Vidole vikafika nusu, vikateleza. Akajaribu tena. Akajaribu tena. Kisha akalilaza kitandani, akageukia ukutani, na chakula cha mchana hakukigusa. Mimi nililia jikoni kwa hasira nikavunja na kikombe, kile chako cha bluu.

Kesho yake nikamwendea Kimya moto unawaka. Nikamwambia katuharibia, katula hela na mifuko yangu juu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Akaitandaza ile karatasi, akauliza, "Huu ni mkono upi?" Nikautazama, nikataka ardhi ipasuke. "Na wa kushoto ukoje?" Nikavikunja vidole vyangu kumwonyesha. Akatia kisu na msasa mfukoni, akafunga mlango wa karakana, akashika njia ya kwetu.

Baba kumwona tu, akauficha mkono chini ya blanketi. Kimya akakalia kiti changu cha cherehani, akasema, "Mzee, kuhusu wale mbu ulikuwa unasema kweli. Nilikuwa nakaza ngozi vibaya. Nipe huo mkono nifanye kazi."

Baba akautoa. Kimya akavipanga vidole shingoni, akakwangua kidogo, akavipanga tena, akakwangua, mpaka sakafu yangu ikajaa vumbi la mbao.

Sasa anapiga. Usidhani ni muziki. Ni kelele kutwa nzima, kidole cha mwisho hakibonyezi kabisa, na kila akikosea anatukana. Wateja wanaokuja kujaribu nguo wananiuliza nani anaumwa. Kuna saa natamani nilitupe zeze hilo kule ulikotupwa mpira. Lakini jana kidole cha pete kilinyooka chenyewe. Nimekiona kwa macho yangu.

Mbusu wifi, wabane mapacha mashavu kwa niaba yangu, na Mungu awafunike nyote. Ukimpigia Baba, usilie. Mwambie tu akupigie zeze, halafu uvumilie.

Jambo la mwisho. Kimya alisema shingo ile ameipunguza hadi mti ulipokomea, imekuwa nyembamba mno. Vidole vikija kufunguka vyote, zeze hili litakuwa dogo kwa Baba, tutahitaji jingine. Naomba nifike siku hiyo, nikuandikie tena kukuomba fedha. Ikikufikia barua hiyo, mdogo wangu, usiniulize bei.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na ubahili wako,
Fundi Cherehani